Mistari iliyopotea ndani ya bomba

Bomba liko mezani kwangu ninapoandika. Ni kipande cha urefu wa mkono kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole, kimekatwa kwa grainda pande zote mbili, na katikati kimevimba kama shavu la mtu anayeumwa jino. Juu ya uvimbe huo pana mpasuko wa urefu wa kidole cha kati. Umefunguka katikati na kujifumba kwenye ncha, na mafundi wa boila, ile mitambo ya kuchemsha maji yawe mvuke, wana jina lake: mdomo wa samaki.

Lilipasuka saa tisa usiku katika kiwanda kimoja cha Eneo la Viwanda, hapa Nairobi, mimi nikiwa zamu. Nilisikia kitu kama gurudumu la lori likipasuka, kisha mngurumo usiokatika. Nilipofika mlangoni chumba cha boila kilikuwa cheupe kwa mvuke, huwezi kuona hata mkono wako. Mwendeshaji alikuwa ametoka dakika chache kabla kwenda kutazama kiwango cha tangi la maji. Hizo dakika chache ndizo zilizomwokoa. Nimekaa na jambo hili miezi mingi, na kila nikizikumbuka mwili hunisisimka.

Asubuhi ile kila mtu alikuwa na jibu moja: bomba lilikuwa feki. Ni jibu linaloaminika haraka katika mji huu, na mimi pia niliamini. Nilikata kipande nikakipeleka kupimwa kemia yake. Majibu yakarudi kwamba chuma ni chenyewe. Kaboni asilimia 0.18, manganizi kiasi chake, salfa na fosforasi chini kabisa. Bomba la boila halali, kama karatasi zake zilivyosema. Na nilipolitazama tena niliona jambo ambalo ningepaswa kuliona mapema: upande wa mgongo, ule usiotazama moto, lilikuwa zima kabisa. Bomba lile lile, chuma kile kile, kimeyeyushwa siku moja katika tanuru moja. Upande mmoja umepasuka, wa pili hauna hata mkunjo.

Kwa hiyo jibu halikuwa katika kile ambacho chuma kimetengenezwa nacho. Lilikuwa katika namna kilivyopangika kwa ndani, na katika kile ambacho joto lilikuwa limefanya kwa mpangilio huo siku baada ya siku, bila sauti.

*

Jambo hili nililiona kwa mara ya kwanza Kamukunji, nikiwa na miaka tisa au kumi, kabla sijajua kwamba lina jina. Mjomba wangu ni fundi wa jua kali. Nilikuwa nampelekea chai yake ya saa nne, birika mkono mmoja na mandazi mkono wa pili, napita katikati ya kelele za nyundo na mabati hadi kwenye kibanda chake. Yeye hutengeneza patasi, mashoka na visu vya kukatia majani ya ng'ombe kutokana na springi za malori mabovu. Hunita "mama", kwa kuwa nimepewa jina la mama yake, na tangu hapo hajawahi kuniita kwa lingine.

Nilimuuliza kwa nini amejifungia kwa turubai gizani wakati nje kuna mwanga wa bure. Akanijibu, "Mama, juani chuma hudanganya." Chuma kilichoiva rangi nyekundu hakionekani vizuri kwenye mwanga mkali, utadhani bado hakijashika joto kumbe kimepita. Kivulini aliweza kusoma kila daraja: wekundu hafifu unaoanza kuonekana gizani kwenye nyuzi 500 na kitu, wekundu wa damu, wekundu uliokolea, kisha rangi ya chungwa, kisha manjano ambayo kwake ilikuwa hatari.

Alikuwa pia na sumaku ndogo aliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu, ameifunga kwenye ncha ya waya. Aligusisha kwenye chuma kilichowaka. Ikishika, bado. Ikiacha kushika, alingoja kidogo, kisha akakitumbukiza kwenye oili chafu ya injini, moshi ukapanda hadi juu ya turubai. Leo najua kwamba chuma hupoteza usumaku kwenye nyuzi 770 za Selsiasi. Yeye alijua tu kwamba sumaku ikiachia, chuma "kimefunguka".

Sijapata neno bora kuliko hilo. Ndani ya chuma atomi zimejipanga safu kwa safu, na kila eneo lenye safu zinazoelekea upande mmoja ni punje moja. Katika joto la kawaida atomi za chuma hukaa katika umbo la mchemraba wenye atomi moja katikati yake; umbo hilo huitwa feraiti. Humo kaboni haina nafasi. Hata joto likiongezeka, kiasi kikubwa kabisa ambacho feraiti inaweza kubeba ni kama asilimia 0.02. Ukipasha zaidi, atomi zinahama, zinajipanga upya katika umbo jingine, austenaiti, ambalo mapengo yake ni mapana na linaweza kumeza kaboni hadi asilimia 2 hivi. Kwa chuma safi badiliko hili hutokea kwenye nyuzi 912. Kaboni ikiwemo, huanza mapema, kwenye 727. Chuma bado ni kigumu, hakijayeyuka hata tone, lakini kwa ndani kimehama nyumba.

Kinachofuata kinategemea utakipoza vipi. Kipoe taratibu, kaboni itatolewa nje ya safu na kukusanyika katika vipande vyembamba vya sementaiti, kitu kigumu kama kigae, vikipishana na tabaka za feraiti laini: tabaka gumu, tabaka laini, gumu, laini. Hiyo ni pelaiti. Kitumbukize kwenye oili, kaboni haipati muda wa kutoka, inanaswa humo humo, na safu zinapinda kwa nguvu kuibeba. Hiyo ni martensaiti, iliyopewa jina la Mjerumani Adolf Martens. Springi ya lori ikiwa katika hali hiyo hukatika kama glasi. Ndiyo maana Mjomba alisugua upande mmoja hadi ukang'aa, akairudisha karibu na moto kuituliza, akatazama rangi zikitembea juu yake: ya majani makavu, ya kahawia, zambarau, kisha buluu kama shingo ya njiwa. Patasi aliisimamisha kwenye kahawia. Kisu cha majani alikiacha kifike zambarau.

Chuma kilikuwa kile kile cha springi ya lori. Hakuongeza kitu, hakupunguza kitu. Asubuhi moja alikifanya laini cha kufulika, kisha kigumu cha kuvunjika, kisha kigumu chenye uvumilivu. Nilikuwa na miaka tisa na nikaona nguvu ikiingia na kutoka katika kitu ambacho kwa macho hakijabadilika.

*

Maabara niliyoenda na bomba langu haikuwa mbali na mji. Fundi wa pale alinionyesha namna ya kuandaa kipande, na tangu siku hiyo nimekuwa nikifanya mwenyewe. Unakata pete ndogo huku ukimwagia maji ili msumeno usiipashe moto ukaharibu ushahidi. Unasugua kwa msasa mkavu wa mchanga mkubwa, unageuza kipande robo duara, unasugua kwa msasa laini zaidi hadi mikwaruzo ya mwanzo ipotee, unageuza tena. Mwisho ni kitambaa chenye unga wa almasi, mpaka uso wa chuma uwe kioo na uone nyusi zako. Kisha unadondoshea asidi ya nitriki iliyochanganywa na spiriti, asidi sehemu 2 tu kati ya 100. Unahesabu sekunde. Kioo kinaingia ukungu. Unasuuza, unakausha, unaweka chini ya hadubini.

Bwana mmoja wa Sheffield, Uingereza, Henry Clifton Sorby, ndiye aliyekuwa wa kwanza kufanya hivi kwa chuma, kuanzia mwaka 1863. Alikuwa mtu wa miamba, amezoea kutazama mawe yaliyokatwa membamba chini ya hadubini, akaamua kutazama na chuma. Tabaka zilizopishana alizoziona zilimetameta kama upande wa ndani wa kombe la lulu, na jina pelaiti limetokana na hiyo lulu.

Niliweka kwanza kipande cha mgongo wa bomba. Uwanja mweupe wa feraiti, na visiwa vyeusi hapa na pale. Nikaongeza ukuzaji, na visiwa vikafunguka vikawa mistari, myembamba, imelala sambamba kama shamba lililolimwa kwa plau. Pelaiti nzuri kabisa. Miaka yote ile karibu na moto na haikuguswa.

Kisha nikaweka kipande cha mdomo wa samaki.

Visiwa vilikuwepo, unaweza kuona mahali vilipokuwa, lakini mistari haikuwepo. Mahali pake palikuwa na vidoa vya mviringo vilivyotawanyika kama mbegu za ulezi zilizomwagika sakafuni. Vingine vilikuwa vimekwisha kuhama na kujipanga kwenye mipaka ya punje. Na katika mipaka hiyo hiyo, karibu na kingo za mpasuko, palikuwa na vitundu vyeusi, kimoja hapa, viwili pale, na mahali pengine vimeshikana mikono na kuwa ufa. Nilitoa jicho kwenye hadubini nikakaa kimya kwa muda.

Wakati ule ndipo nilipoelewa kwa nini kingo za mpasuko ni nene. Bomba likipata joto kali ghafla, tuseme maji yamekatika, chuma hulainika na kunyooka kama ugali mlaini na kingo hubaki nyembamba kama wembe. Na chini ya hadubini mara nyingi utakuta alama za chuma kilichopita nyuzi 727 kisha kikapozwa ghafla na maji yaliyomwagika. Kingo nene zina habari nyingine. Zinasema chuma hakikuzidiwa usiku mmoja. Kilizidiwa kidogo kidogo, wiki kwa wiki, mwezi kwa mwezi.

*

Kwa nini mistari ipotee? Tazama supu ya mafuta inavyopoa. Matone madogo yanayoelea yakigusana huungana, na baada ya muda unabaki na machache makubwa. Tabaka za sementaiti zina uso mpana mno zinapogusana na feraiti, na kila uso una gharama yake. Katika nyuzi 200 kaboni imekaa kitako, haiendi popote, hata ungoje miaka 50. Katika nyuzi 550 na zaidi inatembea. Inatoka kwenye ncha kali, inatua kwenye mabonge. Tabaka linakatika vipande, vipande vinakuwa mviringo, vidogo vinaliwa na vikubwa. Hakuna kilichotoka ndani ya chuma. Mashine ya kupima kemia itakuambia kila kitu kipo, na itakuwa inasema kweli.

Lakini mpangilio ule ndio uliokuwa unafanya kazi. Chuma kinapopinda, safu za atomi hazitelezi zote kwa pamoja. Ziko kasoro za mistari ndani ya safu, na kasoro hizo ndizo zinazosafiri na kubeba mkunjo. Ukitaka chuma chenye nguvu, zizuie zisisafiri. Sisi wa Nairobi tunalijua hili kwa miili yetu: matatu inapunguzwa kasi na matuta. Matuta madogo mengi yaliyo karibu karibu humlazimisha dereva atambae mtaa mzima. Yakusanye yote uyafanye vilima viwili vikubwa kwenye barabara ya kilomita, na katikati atakimbia apendavyo. Vidoa vile vya mviringo nilivyoviona vilikuwa vilima viwili.

Joto lina hila ya pili. Katika chuma baridi, kasoro ikifika kwenye tuta gumu hukwama. Katika chuma chenye joto, atomi zinahama kila mahali, na kasoro inaweza kupanda tabaka moja juu na kulivuka tuta. Haihitaji nguvu mpya, inahitaji muda tu. Kwa hiyo chuma kilichobeba mzigo ambao kikiwa baridi kingeubeba milele, kwenye joto kinaendelea kunyooka polepole hata mzigo usipoongezeka hata kidogo. Hali hii huitwa kutambaa. Mwingereza Edward Andrade aliipima mwaka 1910 kwa nyaya, na tangu hapo tunajua ina hatua zake: mwanzo inaenda haraka kisha inapungua, halafu inashika mwendo mmoja kwa muda mrefu, na mwisho inaongeza kasi hadi kukatika. Vile vitundu vya kwenye mipaka ni dalili za hatua ya mwisho.

Kwa chuma cha kawaida kutambaa kunaanza kuwa jambo la kuhesabiwa ukipita nyuzi 400 hivi. Na linaadhibu vibaya. Kuna kanuni ya Larson na Miller ya mwaka 1952 inayounganisha joto na muda. Nimeifanyia hesabu mara nyingi. Chukua bomba la mvuke lililopangiwa saa 100,000, zaidi ya miaka 11 mfululizo, kwenye nyuzi 540. Liendeshe kwenye 555, mzigo ule ule. Kanuni hiyo, kwa kigezo chake cha kawaida cha 20, inakupa saa 35,000 hivi. Nyuzi 15, ambazo kipimajoto kilichochoka kinaweza kukudanganya bila wewe kujua, zimekula karibu theluthi mbili za maisha ya bomba.

Lipo jambo moja hapa lililonisumbua nilipolisoma mara ya kwanza, kwa sababu linapindua tulichofundishwa. Katika joto la kawaida, punje ndogo ni nguvu. Kila mpaka wa punje ni ukuta unaozuia kasoro zisipite. Kwenye joto kali, mipaka ile ile ndiyo udhaifu. Fikiria ukuta wa mawe uliojengwa kwa udongo. Kiangazi, mawe madogo yaliyoshikana vizuri ni ukuta imara. Ikinyesha wiki nzima, udongo unalainika, na ukuta wenye mawe madogo, ambao una udongo mwingi zaidi, ndio unaoanza kutereza. Mipaka ya punje ni udongo huo: atomi hupita humo haraka, punje husuguana na kutelezana humo. Ndiyo maana mapanga ya injini za ndege, yale ya nikeli yanayokaa kwenye moto mkali kabisa, siku hizi hukuzwa kila moja kama fuwele moja nzima, bila mpaka hata mmoja.

Waliotengeneza vyuma vya mitambo ya umeme walitafuta matuta yasiyolika. Walianza na molibdeni. Ilisaidia, lakini mwaka 1943 huko Springdale, Pennsylvania, bomba la mvuke la chuma cha kaboni na molibdeni lilipasuka karibu na mshono wa kuchomelea, na uchunguzi ukaonyesha kwamba sementaiti ilikuwa imevunjika na kaboni yake imekuwa grafiti, laini kama risasi ya penseli. Wakaongeza kromi, ambayo hushika kaboni kwa nguvu zaidi. Katika miaka ya 1970 Oak Ridge, Tennessee, walifikia chuma chenye kromi asilimia 9 na molibdeni 1, pamoja na vanadi na niobi kidogo sana. Leo kinajulikana kama daraja la 91, na nakistaajabia kweli. Ndani yake ni martensaiti iliyotulizwa, vipande vyembamba kama uzi vilivyopangwa kwa vifungu. Kwenye mipaka ya vipande hivyo kuna kabaidi za kromi, yaani kromi iliyoungana na kaboni, na ndani yake kuna chembe ndogo mno za vanadi, niobi na nitrojeni ambazo kwenye nyuzi 600 hukua polepole sana. Matuta madogo, mengi, yanayokataa kuungana.

Lakini chuma hicho kikichomelewa vibaya, au kikitulizwa kwenye joto lisilo lake, mpangilio ule unageuka feraiti tupu iliyo laini. Kemia inabaki asilimia 9 na 1, herufi kwa herufi kama hati inavyosema. Maisha yake kwenye joto yamekwisha kabla hayajaanza. Mtu anayenunua bomba kwa kusoma hati tu hajanunua kitu kizima.

*

Soko la Gikomba limeungua mara nyingi, na magodauni ya mji huu pia, na kila baada ya moto utawaona watu wakikokota vyuma kutoka kwenye majivu kwenda kuvinyoosha. Siwalaumu, chuma ni pesa, na aliyeunguliwa ana watoto wa kulisha. Ila napenda wajue wanachokibeba. Jambo hili nalipita haraka, lakini tarakimu zake ni hizi, kutoka Eurocode 3, kanuni za Ulaya za ujenzi wa vyuma: chuma cha kawaida cha ujenzi kikiwa kwenye nyuzi 400 bado kina nguvu yake yote ya kutopinda, kwenye 500 kina asilimia 78, kwenye 600 asilimia 47, kwenye 700 asilimia 23, kwenye 800 asilimia 11. Moto wa kawaida wa jengo hufika 800 ndani ya nusu saa. Paa la godauni halihitaji kuyeyuka ili lianguke; chuma huyeyuka kuelekea nyuzi 1500, na paa limelala chini zamani.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni baada ya kupoa. Boriti iliyotengenezwa kwa kupitishwa kwenye roli za moto, ikiwa haikupita 600, hurudisha karibu nguvu yake yote. Lakini nondo nyingi za siku hizi si hivyo. Hutoka kwenye roli zikamwagiwa maji kwa kishindo, ngozi yake ya nje ikawa martensaiti, kisha joto lililobaki katikati likaituliza. Ukikata nondo kama hiyo na kuipaka asidi utaona pete ya giza kuzunguka kiini cheupe. Nguvu yake iko kwenye pete hiyo. Ikikaa kwenye moto mkali, pete inalainika, na ikipoa hairudi. Nondo itaonekana ile ile, mbavu zake zile zile, unene wa milimita 12 ule ule. Naomba sana, anayejenga nyumba ya kulala watu asiweke nondo iliyoungua kwenye nguzo. Na fundi anayepasha nondo kwa moto wa gesi ili apate kuikunja kirahisi, awe anajua amefuta nini mahali pale.

*

Sasa bomba langu. Joto lilitoka wapi?

Boila yetu hufanya kazi kwenye shinikizo la baa 10, na katika shinikizo hilo maji huchemka kwenye nyuzi 184 hivi. Moto unaweza kupita nyuzi 1000, lakini bomba likiwa na maji safi ndani, chuma chake hubaki karibu na joto la maji, mbali kabisa na hatari. Maji hulibeba joto haraka kuliko moto unavyolileta. Nilipolipasua bomba kwa urefu nilikuta ukoko. Kijivu, mgumu, unene wa ganda la yai na mahali pengine zaidi, umeganda upande wa moto kama ukoko wa wali kwenye sufuria. Maji ya kisima, dawa zake za kutibu ziliisha na zikanunuliwa kwa kuchelewa, si mara moja. Ukoko hupitisha joto vibaya kuliko chuma kwa mara 20 au zaidi. Kila ulivyozidi kuwa nene, chuma kilijitenga na maji na kusogea kwenye joto la moto.

Na dalili ilikuwepo. Joto lisiloingia kwenye maji hutoka na moshi. Kwenye daftari la zamu kuna safu ya joto la moshi wa dohani, na nilipolifungua siku ile nilirudi nyuma miezi saba. 210. 214. 221. 230. 238. Mwandiko wa zamu tatu tofauti, na katika kila ukurasa wa tatu mwandiko ni wangu. Niliandika 238 kwa mkono wangu nikaweka sahihi, na sikugeuza ukurasa kutazama iliyotangulia. Mtu alikuwa anapita mbele ya bomba lile kila baada ya nusu saa kutazama kioo cha maji, ana mke na watoto Mukuru, na namba ilikuwa inaniambia.

Siku hizi nazichora tarakimu hizo kwenye karatasi ya mraba, iliyobandikwa mlangoni mwa chumba cha boila mahali ambapo hata mfagiaji anaiona.

Jumamosi moja nilipeleka pete mbili za bomba Kamukunji, moja ya mgongo na moja ya kwenye uvimbe. Mjomba amezeeka, macho yake hayamsaidii kama zamani, ila turubai bado lipo. Nilimweleza habari ya mistari iliyopotea. Akaniuliza, "Sasa mama, ukikifungua tena si itarudi?"

Nilijua kinachosemwa vitabuni, lakini nilitaka kuona. Tukazipasha zote mbili hadi sumaku ikaachia, na juu yake kidogo, rangi ya chungwa. Akazitoa na kuziweka juu ya tofali kavu kivulini, bila maji, bila oili, zipoe na hewa. Tulikunywa chai.

Jumatatu nilizisugua na kuzipaka asidi. Kwenye pete ya uvimbe ukingo wa nje ulikuwa umekuwa mweupe, tanuru lilikuwa limekula kaboni yake. Ndani zaidi nikaongeza ukuzaji, na pale palipokuwa na vidoa vya ulezi palikuwa na mistari. Myembamba, sambamba, mipya kabisa, kana kwamba shamba limelimwa jana. Nilipiga picha kwa simu kupitia jicho la hadubini na jioni nikampelekea.

Aliishika simu mbali na uso, kisha karibu. Akaikuza kwa vidole viwili, akaisogeza kushoto, akasimama kwenye mpaka wa punje.

"Na hivi vitundu?"

"Hivyo havikuziba, Mjomba."

Akanirudishia simu. Akaichukua pete, akaigonga mara moja kwenye fuawe, akainamisha sikio kusikiliza mlio, akaigonga tena.